Rwenzori ni volkano au si volkano? Na yale mashimo ya Katwe yalitoka wapi?

DerevaKasese

Habari zenu jameni. Mimi ni dereva wa wageni huku Kasese, Uganda, Kiswahili changu ni cha kambini, marehemu mzee alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo mkiona ngeli zimegongana msinicheke.

Juzi nilikuwa na familia moja ya wageni, baba mama na vijana wawili, tumeingia geti la Kabatoro tunafuata ile njia ya mashimo ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ile ya kilomita 27 inayotokea kule karibu na ikweta, mnaoijua mnajua vile inatikisa gari mpaka meno yanauma. Tukasimama ukingoni mwa shimo moja kubwa, huko chini msitu, na nyati wamelala wanaonekana kama punje za ufuta. Upande wa pili mawingu yakafunguka kidogo Rwenzori ikatokea na kaweupe kake ka barafu juu. Kijana mmoja akaniuliza, sasa dereva, huu mlima ndio uliolipuka ukatoboa haya mashimo? Nikasema ndiyo. Tena nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Mama yake akageuka akasema yeye amesoma kwamba Rwenzori si volkano kabisa. Nikanyamaza, nikawasha gari.

Sasa naomba mnisaidie kabla sijaaibika tena, maana msimu wa wageni ndio huu. Kama mlima si volkano, moto uliotoboa mashimo yote haya ulitoka wapi, na mbona viko pamoja, mlima hapa mashimo hapa, hata nusu saa ya gari hakuna? Na mbona ziwa la shimo moja, la Katwe, lina chumvi, jingine linanuka mayai yaliyooza, halafu ukipanda kule Bunyaruguru maziwa ya mashimo ni matamu watu wanakunywa? Mwenye kujua anieleze polepole, nimeishia senior 4.

BodaBwera

Wewe ungepiga breki useme "chui yule kwenye mti", wangesahau mlima na mashimo yote 😂

JiwePori

Dereva pole, lakini yule mama yuko sawa. Rwenzori si volkano, haijawahi kutapika moto. Ndio mlima mrefu Afrika kati ya ile isiyo ya volkano, Margherita ni mita 5,109, na ukihesabu yote ni wa 3 baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, lakini hiyo miwili ni volkano na huu wetu ni bonge la mwamba lililoinuliwa tu. Mimi nimesomea mambo ya mawe Makerere, sasa hivi nafanya kazi nyingine kabisa (nauza vifaa vya solar, maisha bwana), ila hili swali nalipenda, ngoja nijaribu.

Chukua mche wa sabuni ile ya kufulia, ukate mara mbili lakini usikate wima, kata kwa kulaza kisu kidogo, upande huu na upande huu, upate kipande cha katikati chenye umbo la kabari, juu kipana chini chembamba. Sasa vuta vile vipande vya pembeni kila kimoja kwake. Kile cha katikati kinashuka, si ndiyo? Hilo ndilo Bonde la Ufa. Huku kwetu ardhi inavutwa, upande wa Congo unakwenda kwake na upande wa Uganda kwake, taratibu sana, mwaka mzima ni milimita chache tu, lakini umri wa hii kazi ni mamilioni ya miaka. Katikati pameshuka, ndipo yakakaa maziwa: Albert, Edward, George. Ukisimama Kichwamba kwenye ile kona ya barabara watu wanaposimama kupiga picha, pale uko juu ya kipande cha pembeni cha sabuni, na mbuga yote unayoiona chini ni kile kipande kilichoshuka.

Sasa kichekesho cha huku ni kwamba katikati ya bonde, mahali ambapo kila kitu kinatakiwa kushuka, kuna kipande kimoja kimepanda. Nyufa zimekizunguka upande huu na upande ule mpaka kikabaki karibu kimekatika, kimeshikamana na Uganda upande mmoja tu. Kilipoachiwa kikapanda, kama gogo ulilolikanyagia kwenye maji halafu ukatoa mguu. Wataalamu bado wanabishana ni nguvu gani hasa ilisukuma sana, ila kuinuka kwenyewe hakuna anayebisha, na sehemu kubwa ilitokea ndani ya miaka milioni 3 hivi iliyopita. Ukiona ni zamani, kumbuka mawe yenyewe yana miaka zaidi ya bilioni 2. Jiwe la kikongwe, mlima wa kijana. Watu wengi wanachanganya hivyo viwili, umri wa jiwe na umri wa mlima.

Mashimo nitayajia, nimefika stejini.

Mwana_wa_Bundi

Mimi natoka Bundibugyo na hapo sikubaliani na wewe bwana wa solar. Kama huu mlima hauna moto mbona pale Sempaya maji yanatoka ardhini yanachemka? Wageni wanachemsha mayai pale, matoke pia, kuna chemchemi dume na chemchemi jike na ile ya dume mvuke wake unauona mbali kabla hujaiona yenyewe. Hayo maji yanapashwa na nini, mkaa? Na bibi yangu alikuwa anatuambia huko juu anakaa Kitasamba, mungu wa mlima, na akikasirika ardhi inatikisika, na ilitikisika kweli, 1966 mwezi wa tatu nyumba zilianguka huku kwetu wakafa watu zaidi ya 150, babu alikuwa anasimulia walivyolala nje siku nyingi sana wanaogopa kuingia ndani. Na 1994 tena, hiyo wa upande wa Fort Portal wanaikumbuka vizuri. Mlima usio na moto unatikisika kwa sababu gani?

JiwePori

Mwana wa Bundi, hoja yako ni nzuri na ndiyo maana nasema usiangalie moto, angalia ufa. Ukienda chini ya ardhi kila kilomita moja joto linaongezeka, hata mahali ambapo hakuna volkano, waliochimba migodi mirefu wanajua. Mvua inanyesha mlimani, maji yanazama kwenye ule ufa mkubwa unaopita chini ya mlima upande wenu, yanashuka mbali sana, yanapata joto huko, halafu yanapanda kwa haraka kwenye ufa mwingine kabla hayajapoa. Ndiyo Sempaya hiyo. Ni birika, si volkano.

Na matetemeko ni ushahidi wangu mimi, si wako 😀 Kile kipande cha mlima kinapopanda hakipandi kwa utelezi, kinakwama. Kinakwama miaka, nguvu inajikusanya, halafu siku moja kinaruka kidogo. Huko kuruka ndiko 1966. Huku Rwenzori ni moja ya sehemu zenye matetemeko mengi Afrika, madogo yanatokea kila wakati, mengi huyasikii. Maana yake mlima bado unafanya kazi. Kitasamba sitamgusa, mke wangu ni Mkonzo, mtu wa mlimani.

kasindi_243

Jambo bandugu. Miye niko upande ya Kasindi, Congo, ile mulima tunaionaka kila asubui kama mawingu iko mbali. Naunga mukono ule wa solar. Miye nilikaa Goma miaka mingi, kule tunajua mulima ya moto ni nini: Nyiragongo ikitapika, kama ile tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ilishuka mpaka karibu na uwanja ya ndege, na usiku hata siku zingine mawingu juu yake iko nyekundu. Umbo yake iko kama kikapu imegeuzwa, na juu iko shimo. Sasa angalia Rwenzori: haina shimo juu, haina umbo ya kikapu, iko na meno meno kama msumeno. Na upande yetu inasimama wima kabisa kutoka Semliki, upande yenu inalala lala. Volkano haifanyake vile.

MtotoWaKilembe

Dereva mimi nitakupa njia rahisi ya kuwaonyesha wageni bila maneno mengi. Nimekulia Kilembe, baba alifanya kazi mgodini mpaka shaba ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 80 (ilianza 1956, reli ilifikishwa Kasese kwa sababu hiyohiyo, shaba ilikuwa inakwenda kuyeyushwa Jinja). Sisi watoto tulikuwa tunacheza na mawe ya mgodini bila kujua tunacheza na nini.

Nenda pale Nyamwamba, popote mto unapopita karibu na mjini, angalia yale mawe makubwa mviringo yaliyoletwa na mafuriko, yale ya 2013 na ya 2020. Mengine yako sawa na gari yako. Hayo yote ni Rwenzori yenyewe imeshuka kukusalimia. Loweka moja kwa maji uliangalie karibu. Utaona mistari, mweupe mweusi mweupe mweusi, imepinda pinda kama unga uliokandwa vibaya, na vidoa vinang'aa ukilielekeza juani kama magamba ya samaki. Hiyo mistari ni jiwe lililozikwa chini sana likabanwa na kupikwa bila kuyeyuka lote, wanaliita naisi. Mengine yanabanduka kama kurasa, hayo ni shisti, zamani za kale yalikuwa matope tu.

Jiwe la volkano halina mistari namna hiyo. Sasa ukiwa kule kwenye mashimo, simamisha gari pale barabara ilipokata ukingo, usichukue kitu maana ni hifadhi na askari hawatanii, angalia tu. Utaona udongo mgumu wa kijivu kahawia, umepangana tabaka juu ya tabaka kama chapati zimewekwa kwenye sahani, ukiukwangua kwa ukucha unatoka. Hilo ni jivu lililoganda. Halafu, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilishtuka siku ya kwanza, ndani ya lile jivu kuna vipande vya mawe meupe yenye mistari, vidogo kama ngumi. Ni yaleyale ya Nyamwamba! Yaani huko chini ya mbuga kuna mwamba uleule wa mlimani, mlipuko ulipotoka ulipasua dari yake mwenyewe ukarusha vipande juu.

DerevaKasese

Weee. Hiyo ya vipande nimewahi kuviona nikadhani watu wa barabara ndio walimwaga kokoto 🙆🏾‍♂️

Endeleeni, mashimo bado.

JiwePori

Mtoto wa Kilembe amenimalizia nusu ya kazi, asante. Haya mashimo.

Ardhi inapovutwa inakuwa nyembamba, na chini kabisa yale mawe ya moto yanapunguziwa mzigo, yanaanza kuyeyuka kidogo na kupanda. Uji huo wa mawe huku kwetu ulikuwa na gesi nyingi ajabu, soda iliyotikiswa. Unapanda kwa kasi, unakaribia juu, unakutana na maji ya ardhini, na ukimwaga maji kwenye mafuta ya kaangio unajua kinachotokea. Pwaa! Mlipuko unatoboa shimo, jivu linaanguka pembeni linafanya ukingo, mchezo umekwisha. Uji ukipanda tena unatafuta njia nyingine pembeni, unatoboa shimo jingine. Ndiyo maana huoni mlima mmoja mrefu kama Muhabura, unaona mashimo mengi mapana yenye kingo fupi, mengine yameingiliana kama alama za glasi kwenye meza. Muhabura au Elgon ni volkano zilizotapika palepale mara nyingi sana mpaka zikajijenga, Elgon imeanza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Mashimo ya Katwe kwa saa ya mawe ni ya jana.

Kwa hiyo dereva jibu la "mbona viko pamoja" ni hili: mlima haukuyazaa mashimo na mashimo hayakuuzaa mlima, ni ndugu, mama yao ni ule ufa. Ufa mmoja uliinua kipande huku, ukafungua mlango wa moto pale.

Na waambie wageni wako kitu ambacho hata huko kwao wengi hawakijui. Mawe ya huu moto wetu ni ya ajabu duniani, yana potasiamu nyingi na silika kidogo mno, sehemu chache sana zinayo. Mwingereza Arthur Holmes, yule ni jina kubwa kwa kupima umri wa mawe, aliyachunguza miaka ya 1930 na 40, akakosa jina katika vitabu vilivyokuwepo, ikabidi atumie majina ya huku: katungiti kutoka Katunga, mafuriti kutoka Mafuru, uganditi kutoka Uganda. Baadaye wakayaunga yote matatu ikawa kamafugiti, na leo mtu akiokota jiwe la namna hiyo Italia au Uchina analiita kamafugiti, yaani anataja vilima vyetu bila kujua. Sisi wenyewe tunapita pale tunatafuta simba.

BodaBwera

Kamafugiti. Hilo jina nitampa mbwa wangu.

MamaChumvi_Katwe

Nimesoma mpaka hapa nikaona nijibu la chumvi maana mnaongea kama Katwe ni shimo tu, watu tunakula kutoka humo.

Mimi nina viwanja vyangu vitatu vya chumvi ziwani, mama alinirithisha. Ziwa letu halina njia ya kutoka, mto hautoki, hata kijito. Chemchemi zinaingia kutoka ukingoni, ukionja pale zinapotokea tayari zina ukali, si maji ya kunywa. Yanaingia, jua linakunywa maji linaacha chumvi, kila siku, toka enzi. Kiangazi kikishika, kiwanja kinaanza kufanya ngozi juu kama maziwa yaliyopoa, asubuhi nyembamba unaipiga kwa kidole inavunjika, jioni imeshakuwa nzito inazama. Mvua ikinyesha wiki hiyo umelia, yote inayeyuka unaanza upya. Chumvi ile ya mawe iko chini ya ziwa, wanaume wanaingia mpaka kifuani wanaipasua kwa vyuma wanaipakia kwenye vichanja, na maji yale yanaingia kwenye kila mkwaruzo ulio nao, mikono yangu mimi ambaye siingii hata ziwani imepasuka, sembuse wao. Miaka ya 70 kulijengwa kiwanda kikubwa cha kisasa, chumvi yenyewe ikayala mabomba, leo ni makutu yamesimama pale. Jembe letu na vichanja vyetu viko bado.

Sasa bwana wa solar mbona chumvi iko kwetu na haiko Bunyaruguru, na sisi sote ni mashimo?

JiwePori

Mama shikamoo. Umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu.

Tofauti ni mvua na mahali. Bunyaruguru mashimo mengi yako kule juu ukingoni mwa bonde, mvua nyingi, maji mapya yanaingia kila wakati na yanapata pa kupenyea, chumvi haipati nafasi ya kujikusanya. Katwe iko chini bondeni, joto kali, mvua kidogo maana milima inayakamua mawingu kabla hayajafika, na maji yanayoingia yamepita kwanza kwenye lile jivu lenye sodiamu na potasiamu nyingi, yameoshea chumvi njiani. Hata Kasenyi kule, ziwa Bunyampaka, ni habari hiyohiyo. Nyamunuka ndiyo hilo linalonuka, kuna salfa, ndiyo maana dereva wageni wako wanafunga vioo. Nyati hawajali lakini.

Halafu kitu kimoja nimesahau. Hii kuinuka ya huku imefika mpaka Kampala. Zamani mito ya Katonga na Kafu ilitoka mashariki ikija huku magharibi bondeni. Kingo za bonde zilipoinuka zikaikatia njia, maji yakarudi nyuma yakajaa, ndiyo sababu mojawapo ya kuwepo kwa Nalubaale (Ziwa Victoria) na Kyoga. Leo ukiangalia Katonga ni kinamasi hata hakijui kinakwenda wapi, mashariki kidogo, magharibi kidogo. Wale wa kwenye boti Munyonyo wanaogelea juu ya kazi ya ufa wetu, na hakuna anayetushukuru.

Mwana_wa_Bundi

Sawa, Sempaya ni birika, nimekubali kwa shingo upande. Ila swali la mwisho: hayo mashimo yamekufa au yamelala?

JiwePori

Kulala ndiyo neno ninalolitumia mimi. Hakuna mtu aliyeandika kwamba aliona moja likilipuka, lakini miaka elfu chache kwa ufa wa mamilioni ya miaka ni usingizi wa mchana. Sisemi uhame. Ninachosema ukijenga, jenga kwa ajili ya tetemeko, hilo ndilo linalokuja kweli. Nyumba zilizoanguka ndizo zilizoua watu 1966.

DerevaKasese

Jameni nimerudi. Jana nilikuwa na wageni wengine, wazee wawili. Asubuhi kabla ya kuwachukua hotelini nilipita Nyamwamba nikaokota jiwe moja la mistari, la nje ya hifadhi kabisa, nikaliweka juu ya dashibodi. Tulipofika kwenye mashimo nikasimama pale barabara ilipokata ukingo, nikawaonyesha zile chapati za jivu, halafu nikawaonyesha kile kipande cheupe kimekwama ndani, halafu nikawapa lile la dashibodi walishike. Yule mzee alilishika kama dakika kumi hivi, anageuza anaangalia ukuta, anageuza anaangalia ukuta. Mkewe anamwambia twende kuna tembo kule, hasikii.

Sabuni nayo nilinunua. Iliniyeyukia kwenye gari, joto la bondeni mnalijua, sasa gari lote linanukia dobi.

MamaChumvi_Katwe

Kesho ukiwaleta kwetu wanunue na chumvi basi, si kupiga picha tu na kuondoka. Waulize walete mabegi.